Kabla ya kumwita mwanafunzi sugu, uliza ameanza lini

Nimekaa kwenye kamati ya nidhamu ya sekondari kiasi cha kujua jinsi vikao vyake vinavyokwenda. Kijana wa kidato cha tatu kasimama mlangoni, shati nje, barua za onyo ziko mezani, na mzazi hajavuta hata kiti, mjumbe mmoja keshasema: "Huyu ni sugu." Mimi siku hizi naanza na swali moja: mama, haya yalianza lini?

Swali hilo limetoka mbali. Huko Dunedin, New Zealand, watafiti walianza kufuatilia watoto 1,037 waliozaliwa kati ya Aprili 1972 na Machi 1973. Waliwapima wakiwa na miaka 3, kisha wakawa wanawaita tena na tena hadi utu uzima. Walipofikisha miaka 45, asilimia 94 ya waliokuwa hai walishiriki. Waliohamia nchi nyingine hugharamiwa safari ya kurudi kupimwa. (Sisi kumpata mhitimu wa juzi tu ni kazi, namba ya simu keshabadilisha.)

Mwaka 1993 mwanasaikolojia Terrie Moffitt, aliyefanya kazi na kundi hilo, aliandika kwamba vijana watukutu wako wa aina mbili. Wachache huanza wakiwa wadogo kabisa na huendelea ukubwani. Wengi huanza wakibalehe, kisha hupunguza wakishakua. Wakiwa na miaka 15 makosa yao yanafanana mno: wote wanatoroka, wote wanaiba. Ukiwaangalia siku ya kikao tu, huwatofautishi. Tofauti iko huko nyuma.

Lakini asije mtu akasema basi tuwaache, watakua. Kundi la Dunedin lilipopimwa likiwa na umri wa miaka 26, wanaume walioanza utukutu ujanani bado walikuwa na matatizo zaidi ya ulevi na fedha kuliko wenzao wasiokuwa watukutu. Moffitt anataja mitego inayomnasa kijana kabla hajatulia: dawa za kulevya, rekodi ya jela, kukatisha masomo. Huo wa mwisho tunautega wenyewe, kwa barua ya kumfukuza yenye muhuri wa shule. Ndiyo maana napigania adhabu inayomwacha kijana ndani ya geti. Kwa yule aliyeanza utotoni, adhabu pekee naona haitoshi. Hapo tukae na familia.

Sasa, mzazi akijibu, msikilize lakini usiishie hapo. "Mwanangu alikuwa mpole, kaharibiwa na marafiki," nimelisikia sana, na mama hadanganyi. Hao hao wa Dunedin, walipoulizwa wakiwa na miaka 18 kuhusu utoto wao, walikumbuka vizuri kiasi mambo kama kuhama nyumba. Ugomvi wa nyumbani na hali zao za moyoni havikulingana na yaliyoandikwa wakati ule. Kwa hiyo mpigie mwalimu wa msingi aliyemfundisha, uliza ripoti za zamani kama zipo.

Na wewe anza kuandika leo, tangu kidato cha kwanza, mistari miwili kila muhula inatosha. Andika alichofanya: "alimpiga mwenzake wakati wa mapumziko." Usiandike "mkorofi." Daftari lifungiwe kabatini, maana likizagaa ofisi ya walimu, mwalimu mgeni atamchukia mtoto kabla hajamfundisha kipindi kimoja.