Mbegu za mkrismasi zisizoota

Pole dada. Umesema mbegu zako za mkrismasi, ule mti wa kivuli wenye maua mekundu, zina mwezi mzima ardhini na hazijaota, nawe unataka kivuli mbele ya nyumba. Udongo wako hauna kosa. Ganda la mbegu hii ni gumu mno, maji hayapenyi. Ikwaruze ubavuni kwa msasa mpaka rangi ya ndani ianze kuonekana, kisha iloweke usiku kucha katika maji ya uvuguvugu, uipande kwenye kiriba, yaani kimfuko cha plastiki cha kuoteshea miche.

Ila nakusihi, mche usiuhamishie karibu na ukuta! Mizizi yake hutambaa juujuu, hunyanyua sakafu na kupasua mabomba. Acha kama mita 10, penye jua la kutwa. Mwaka wa kwanza umwagilie. Ukishashika, unastahimili kiangazi. Maua usiyatarajie kabla ya miaka 5 hivi.