Shujaa wetu ana kiwewe: tumchoreje?

SWALI

Habari za kazi, Daktari. Mimi na mwenzangu tunaandaa komiki ya matoleo sita. Shujaa wetu ni binti anayeitwa Mwangwi, na nguvu yake ni kusikia: mapigo ya moyo ya mtu aliye ng'ambo ya mto, mnong'ono wa ghorofa ya 20. Katika toleo la kwanza jengo linaporomoka na mdogo wake anafukiwa. Mwangwi anamsikia chini ya kifusi akigonga bomba, hadi kugonga kunakoma. Toleo la tatu tunataka aonekane ana PTSD, ugonjwa wa akili unaoweza kumpata mtu baada ya tukio la kutisha, la sita awe amepona. Kila toleo tumeweka ukurasa mzima mwekundu unaorudia tukio lile. Tulimpa rafiki yetu asome rasimu, akaturudishia na maneno mawili tu: "Haiko hivi." Tumekosea wapi kitaalamu? Sisi tulimfuata Batman, yule shujaa wa komiki za Marekani, tukidhani hapo hatutapotea.

JIBU

Ndugu zangu, nimefurahi mmeuliza mapema, kabla karatasi haijaingia mtamboni. Nianze na mlilopatia, nalo ni lile bomba. Mtu akinisimulia janga la namna hiyo, mara nyingi hanipi picha nzima ya jengo likianguka. Ananipa kitu kidogo: sauti, harufu ya vumbi, kiatu kimoja. Hilo bomba lishikilieni mpaka ukurasa wa mwisho.

Kosa liko kwenye ukurasa mwekundu. Kumbukumbu kweli hurudi, ila ninyi mmeuweka ugonjwa wote hapo kwenye kurudi kwake, mkaiacha sehemu inayoufanya udumu. Mwongozo wa utambuzi uliotolewa na chama cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013 unazigawa dalili za PTSD katika makundi manne: kumbukumbu zinazovamia, kukwepa chochote kinachogusa tukio, fikra na hisia kuwa nzito, pamoja na kujilaumu na ganzi ya moyo, na mwili kukaa chonjo muda wote, usingizi ukikimbia. Hali hiyo inatakiwa iwe imepita mwezi mmoja. Wachoraji hupenda kundi la kwanza kwa kuwa linachoreka kirahisi. Mimi nawasihi mchore la pili, kukwepa.

Tazameni linavyokwenda. Mwangwi anapita mtaani, fundi anagonga bomba. Moyo unamwenda mbio, viganja vinalowa jasho, anageuza njia. Akishageuza, moyo unatulia, na hapo mwili unapata funzo la uongo: kumbe nilikuwa hatarini, na kukimbia ndiko kulikoniokoa. Kesho atageuza njia mapema zaidi. Wiki ijayo hatapita mtaa ule kabisa. Kila akikwepa anapata nafuu ya dakika chache, na kila nafuu inaunenepesha woga. Kumbukumbu yenyewe haipati nafasi ya kusimuliwa hadi mwisho na kuwekwa kwenye tarehe yake, kwa hiyo inabaki kama jambo linaloendelea kutokea sasa hivi.

Sasa jiulizeni: mtu anayesikia kila kitu atakwepaje? Atajijaza kelele. Atalala redio ikivuma. Atapanga chumba karibu na uwanja wa ndege. Atakimbilia kazi zenye milipuko na ving'ora, na kuzikataa zile za kimya ambako mtu anasubiri kusikilizwa nyuma ya ukuta. Mchoreni akivaa mavazi yake saa tisa usiku kwa mara ya nne wiki hiyo, mji mzima ukimsifu kwa kujituma. Hakuna atakayemshuku, maana kukwepa kwake kunafanana na ushujaa. Kurasa za namna hii zingeniambia mengi kuliko wekundu wote ule.

Kuhusu Batman: alitokea mwaka 1939, na chanzo chake kikasimuliwa Novemba mwaka huohuo katika Detective Comics namba 33, kwa kurasa mbili tu. Wazazi wanapigwa risasi barabarani, mtoto analia. Siku chache baadaye yuko kando ya kitanda, mshumaa ukiwaka, anaapa kulipiza kisasi kwa kupambana na wahalifu maisha yake yote. Zinafuata fremu (visanduku vya picha) chache za masomo na mazoezi, popo anaingia dirishani, basi. Ni kurasa nzuri mno, na nawaelewa kwa kuzifuata. Lakini waliozitengeneza walikuwa wanatafuta sababu ya mtu kuvaa barakoa. Jina PTSD lilikuwa halijakuwapo. Liliingia kwenye mwongozo niliowatajia mwaka 1980, baada ya shinikizo kubwa la waliokuwa wakiwahudumia askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Kwa hiyo kifo cha wazazi wa Batman kimefanywa kuwa chemchemi ya nguvu. Kinampa nidhamu, kinampa shabaha, na katika kurasa zile mbili hakimnyang'anyi chochote zaidi ya wazazi. Kiwewe cha kweli hunyang'anya kila siku: usingizi, uvumilivu kwa watoto, hata uwezo wa kukaa kwenye kiti kilichoupa mlango mgongo. Nadhani ndicho alichokosa rafiki yenu kwenye rasimu.

Wa kufuata wapo. Mwaka 1973, katika The Amazing Spider-Man namba 121, Gwen Stacy, mpenzi wa Peter Parker ambaye ndiye Spider-Man, anarushwa kutoka juu ya daraja. Peter anamnasa mguu kwa utando wake kabla hajafika majini, na pembeni ya shingo ya Gwen kumeandikwa sauti ndogo ya kitu kukatika. Herufi chache tu. Tangu hapo wasomaji wamekuwa wakibishana ni anguko lililomuua au ni ule utando. Kitabibu, ubishi huo ndio unaokaa kichwani mwa mwenye kiwewe: ningefanya vile asingekufa. Anajihukumu kwa kutumia mambo aliyoyajua baadaye, kana kwamba aliyajua wakati ule. Mwangwi naye atakuwa na swali lake. Pengine alisikia nyufa za jengo dakika kumi kabla, akadhani ni lori linapita. Mpeni fikra moja kama hiyo, iliyo mahususi, kisha iacheni imle.

Na msiishie namba 121. Mwisho wa namba 122 Mary Jane, rafiki yao, anamkuta Peter nyumbani, na Peter anamfokea, anamwambia aondoke. Mary Jane anafika mlangoni, anaufungua, anasita, kisha anaufunga akiwa ndani. Neno la faraja hatamki. Kinachosikika ni kitasa. Toleo moja limebeba sauti ya shingo na lililofuata limebeba sauti ya mlango, na kwa komiki inayohusu masikio sijui mngepata wapi mwalimu bora. Sisi wa fani hii tunafahamu kwamba msaada anaoupata mtu baada ya tukio una uzito mkubwa katika kuamua kama atapona mwenyewe au ataugua. Wengi wanaopitia majanga hawapati PTSD kabisa. Mkimpa Mwangwi ugonjwa huu, tuonyesheni pia nani alifika mlangoni kwake akaondoka.

Kwa upande wa vichochezi, tazameni Batgirl namba 1 ya 2011. Barbara Gordon, ambaye ndiye Batgirl, alipigwa risasi na Joker, adui wa Batman, katika simulizi ya 1988 na kupooza miguu. Mwaka uliofuata wakaanza kumwandika kama Oracle, anayepigana kwa kompyuta na akili zake, na miaka mingi akawa mfano wa mtu aliyejenga maisha mapya bila kusubiri arudi alivyokuwa. Katika toleo la 2011 anatembea tena, amerudi kazini, na adui anamwelekezea bastola palepale ilipoingia risasi ya kwanza. Anaganda. Ujuzi wake wote upo na mwili haumtii. Watu hufikiri mwenye kiwewe lazima apige kelele au apigane, kumbe kuganda ni jambo la kawaida kabisa, na linaleta aibu kubwa baadaye. Hapo komiki inazishinda filamu: fremu hiyohiyo mara tatu, bila mabadiliko yoyote isipokuwa mkono wa adui unaosogea, na msomaji atahisi kuganda kwenye vidole vyake mwenyewe akitaka kufunua ukurasa.

Kumbukumbu inayovamia nayo ichoreni kwa kipande. Haiji kama filamu yenye mwanzo na mwisho. Komiki ya Mister Miracle ya 2017, matoleo 12, inagawa karibu kila ukurasa katika fremu tisa, na mara kwa mara fremu moja inakuwa nyeusi tii yenye maneno mawili tu yanayomtaja adui, hata katikati ya mazungumzo ya kawaida ya mume na mke. Ninyi mnalo bomba. Herufi za kugonga kwake zipenyezeni kwenye nafasi nyeupe kati ya fremu, wakati Mwangwi anasuka nywele au anahesabu chenji. Wasiomjua wasizione. (Mister Miracle inaanza na shujaa aliyejaribu kujiua. Mkiamua kufika huko, msionyeshe njia iliyotumika wala msiifanye ipendeze; hilo nawaomba kama daktari, kwa ajili ya msomaji mmoja msiyemjua.)

Tufike kwenye toleo la sita. Kupona kunawezekana, na muda wake unakadirika. Tiba ya kuikabili kumbukumbu hatua kwa hatua huchukua vikao 8 hadi 15 hivi, mara nyingi cha dakika 90 kila wiki. Ile ya kuchambua fikra za kujilaumu huwa vikao kama 12. Kwa hiyo hakikisheni miezi kadhaa inapita kati ya toleo la tatu na la sita. Katika The Incredible Hulk namba 377, ya 1991, Doc Samson, mtaalamu wa akili, anamlaza Bruce Banner, mtu anayegeuka kuwa Hulk, usingizi wa hipnosia na kuziunganisha nafsi zake tatu ndani ya toleo moja. Ni simulizi ninayoipenda, hasa kwa kuwa inarudi kwa baba aliyekuwa akiwapiga yeye na mama yake, na ukatili wa utotoni wa miaka mingi huacha majeraha ya aina yake. Ila kama picha ya tiba, ni ndoto. Hakuna anayeunganishwa kwa alasiri moja.

Kikaoni huwa hivi. Tunamwomba mtu afumbe macho na asimulie tukio kwa wakati uliopo, kama linatokea sasa: niko barabarani, nasikia bomba, anagonga mara tatu. Akifika pale pagumu haturuki. Anasimulia tena, na tena. Mazungumzo hurekodiwa, naye hurudi nayo nyumbani kuyasikiliza kila siku hadi kikao kijacho. Nilipolisoma swali lenu niliona hapo ndipo komiki yenu inapotaka kwenda. Mwanamke anayesikia mji mzima, amekaa sakafuni na spika masikioni, anaisikiliza sauti yake mwenyewe ikifika mahali ambapo kugonga kunakoma. Siku ya kwanza anazima kabla. Siku ya tano analia hadi mwisho. Siku ya kumi na moja anasikia kitu ambacho woga ulikuwa umekifunika: mdogo wake alikuwa akigonga wimbo waliokuwa wakiuimba wote wawili. Hicho cha mwisho nimekibuni, kitupeni mkitaka, lakini mambo ya namna hiyo hutokea. Kumbukumbu ikishasimuliwa yote, humo ndani huwa kuna zaidi ya kifo.

Yawezekana pia, baada ya woga kupungua, mkabaki na majonzi matupu. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mwenye PTSD anaogopa tukio litarudi. Mwenye majonzi anatamani marehemu arudi. Shirika la Afya Duniani linayatambua majonzi ya muda mrefu kama ugonjwa wake lenyewe, yakizidi miezi sita na kumzuia mtu kuishi. Mwangwi anaweza kuwa na yote mawili, na msimharakishe kuacha kumlilia mdogo wake ili tu toleo la sita lifunge vizuri.

Mtaalamu mtakayemchora, mpeni heshima ya kutunza siri. Komiki ya Heroes in Crisis ya 2018 iliwapa mashujaa kituo cha tiba, na kurasa zake za mashujaa wakiongea mmoja mmoja mbele ya kamera ni za kweli na zinauma. Lakini kisha siri zikavuja, na mauaji ya pale kituoni yakaja kuangukia mikononi mwa shujaa aliyekwenda kutibiwa. Niliumia kuisoma. Wagonjwa wetu walio wengi hawamdhuru mtu, na hofu ya kuonekana hatari ni moja ya sababu zinazowazuia kubisha hodi.

Kama mnahitaji kuacha mlango wazi kwa mfululizo wa pili, kurudi nyuma ni jambo halali. Tony Stark, yaani Iron Man, alipambana na ulevi mwaka 1979 akaacha. Miaka michache baadaye waandishi wakamrudisha kwenye chupa hadi mavazi ya chuma yakavaliwa na rafiki yake James Rhodes. Mwangwi anaweza kupona kisha siku ya kumbukumbu ya kifo akalala tena redio ikivuma. Usiku mmoja kama huo haufuti miezi yote ya kazi, mradi asubuhi aizime.

Jambo moja limebaki, rafiki yenu. Mtu anayesema "haiko hivi" bila kuongeza neno huenda anajua ilivyo. Msimuulize alipatwa na nini. Mpelekeeni rasimu mpya na penseli, mwambieni aweke alama pale tu anapoona si kweli, na kwamba akitaka kuirudisha bila kuisoma, ni sawa pia.