Benki wameniambia nirudi kwako: maneno kwa wahasibu wapya wa ofisi za mbao

Wadogo zangu mnaoingia ofisi za mbao hapa Mafinga na vyeti vyenu vipya, kuna siku bosi atakuwa anawahi basi la Dar, atasaini kurasa tatu tupu za kitabu cha hundi na kukwambia, "Utajaza mwenyewe." Kataa. Kwa adabu, lakini kataa. Sababu nitaieleza, ila kwanza nianze na aibu yangu.

Ilikuwa Juni, baridi ya Mufindi ile ya kushika kalamu kwa mikono miwili. Mkandarasi mmoja alipakia mbao za mbili kwa nne na mbili kwa sita, akatuachia hundi ya shilingi 6,800,000. Nikaipeleka benki Alhamisi. Ijumaa nikaangalia salio, nikaona limepanda, nikafurahi. Siku hiyo hiyo nikaandaa hundi ya shilingi 5,200,000 ya mzee mmoja wa kijijini aliyetuuzia miti yake ya paini ikiwa bado imesimama shambani. Wakurugenzi wakasaini, mzee akashukuru, akaenda zake.

Wiki iliyofuata akarudi. Koti lile lile. Akaingiza mkono mfuko wa ndani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua taratibu juu ya meza yangu na kuinyoosha kwa kiganja. Ilikuwa hundi yetu, na juu yake wameandika R/D.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Benki wameniambia nirudi kwako."

Sijawahi kusikia mtu akizieleza herufi hizo vizuri kuliko yeye. R/D, kwa Kiingereza "Refer to Drawer", maana yake ndiyo hiyo: rudi kwa aliyekuandikia. Benki haisemi zaidi, lakini kila mtu sokoni anajua kwamba mara nyingi ni akaunti isiyo na kitu.

Kilichonikuta ni hiki. Salio nililoliona Ijumaa lilikuwa limejumlisha hundi ya mkandarasi ambayo benki yake ilikuwa haijailipa bado. Fedha inaonekana, lakini haitoki. Tena ile hundi yake nayo ikarudi, na yetu ikarudi kwa sababu ya yake. Nilikata mbeleko mtoto hajazaliwa. Tangu hapo simuulizi karani wa benki "salio ni kiasi gani?" Ninamuuliza "naweza kutoa kiasi gani leo?" Ni maswali mawili tofauti, na majibu yake yanaweza kupishana kwa mamilioni.

Sasa, nilikuwa nimetenda jinai? Hapa ndipo vijana wengi wanachanganya, na wazee wengi pia. Wengine wanaamini hundi ikirudi tu, aliyeiandika anakwenda ndani. Wengine wanaamini ni deni la kawaida, hakuna cha kuogopa. Wote wanakosea.

Kwa Tanzania Bara kuna njia mbili. Ya kwanza ni madai. Hundi ikirudi deni halifi, na mwenye hundi anaweza kushitaki kwa Amri ya 35 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Ubaya wa Amri hiyo kwa mdaiwa ni kwamba hawezi kujitetea mpaka kwanza aiombe mahakama ruhusa ya kujitetea. Ukiwa unadai, ni silaha nzuri. Kwa hiyo hundi iliyorudi usiichane kwa hasira wala usimrudishie aliyeiandika kabla hajalipa. Itoe kopi, ya asili ifungie kabatini.

Njia ya pili ni jinai, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16: kujipatia mali kwa udanganyifu. Hapa akaunti kuwa tupu peke yake haitoshi. Lazima kuwe na uongo ulioujua, na nia ya kulaghai. Mtu aliyefunga akaunti mwaka jana, leo anakuandikia hundi ya akaunti hiyo ili lori litoke getini, huyo atapata kazi kueleza. Mimi nilikuwa mzembe, sikuwa tapeli. Lakini hebu jione umekaa kwenye benchi la kituo cha polisi unaeleza tofauti ya maneno hayo mawili huku mzee wa watu ameshika kofia pembeni yako.

Ndiyo maana kurasa tupu zilizosainiwa zinanitisha. Aliyesaini hajui akaunti ina nini siku ya kujaza, na aliyejaza ndiye anayejua. Likiharibika, bosi atasema sikujua, na atakuwa anasema kweli.

Kuhusu hundi za tarehe ya mbele, ambazo biashara ya mbao imezizoea mno: anayekuandikia tarehe ya mwezi ujao amekwambia wazi kwamba leo hana. Ukienda polisi ikirudi, usishangae ukiambiwa "hayo ni madai, nenda mahakamani." Wakenya wameliandika kabisa. Kanuni yao ya Adhabu, kifungu cha 316A, inamtia hatiani anayetoa hundi akijua akaunti haina fedha za kutosha au imefungwa, faini isiyozidi shilingi 50,000 za kwao au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini kipengele cha fedha kutotosha hakigusi hundi ya tarehe ya mbele. Ninawatajia kwa sababu wanunuzi kutoka kule tunao. Mimi hundi ya tarehe ya mbele ninaihesabu kama ahadi ya mdomo iliyoandikwa kwa wino: naipokea kwa mteja ninayemfahamu tu, na siiingizi kwenye hesabu ya fedha tulizonazo.

Na ikirudi ya kwako, mpigie mtu simu kabla hajakupigia. Mwambie ukweli, mpe siku, andika mlichokubaliana. Ukizima simu, umeanza mwenyewe kumjengea hoja kwamba ulikusudia.

Mzee tulimlipa siku ya tatu, taslimu, na nauli ya safari zake mbili juu yake. Hakugomba hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Bado anatuuzia miti, ila hundi hataki kuiona. Anasimama shambani na simu mkononi, na chenso haiwashwi mpaka ujumbe wa malipo uingie na mjukuu wake ausome kwa sauti, mara mbili.