Wapangaji Wakiomba Pamoja, Jengo Zima Hupata Joto

Msimu wangu wa kwanza wa baridi Minneapolis, Marekani, niliziba uwazi wa chini ya mlango kwa taulo, na bado bili ya gesi ilinila pesa za kutuma nyumbani. Kumbe tatizo halikuwa la fleti yangu pekee, bali la jengo zima la fleti 12, ambamo kila mpangaji alikuwa akihangaika kivyake.

Serikali ya Marekani ina mpango unaoitwa Weatherization Assistance Program, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1976, unaogharimia kazi za kuzuia joto lisipotee katika nyumba za watu wa kipato cha chini. Wengi wetu tunaujua LIHEAP, unaosaidia kulipa bili, lakini bili hurudi mwezi unaofuata, ilhali ufa ukizibwa umezibwa.

Familia hustahili ikiwa kipato chake hakizidi asilimia 200 ya kiwango rasmi cha umaskini. Kwa jengo kubwa, kwa kawaida angalau asilimia 66 ya fleti ziwe za familia zinazostahili. Kwetu hizo ni fleti 8. Mwaka wa kwanza niliomba peke yangu, nikakwama. Mwaka uliofuata nilibisha hodi mlango kwa mlango Jumamosi mbili, nikiwasaidia majirani kukusanya hati za mishahara, tukafika fleti 9.

Mwenye nyumba lazima aridhie kwa maandishi. Majirani waliogopa kwamba angepandisha kodi, na hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana kanuni za mpango zinakataza kodi kupandishwa kwa sababu ya kazi hiyo kwa kipindi cha kuridhisha. Someni kifungu hicho kabla ya kusaini chochote.

Siku ya ukaguzi, ili kuona hewa inapenya wapi, fundi alifunga feni kubwa mlangoni, ikavuta hewa nje hadi tofauti ya shinikizo kati ya ndani na nje ikafika paskali 50 (paskali ni kipimo cha shinikizo). Nilisogeza kiganja kwenye soketi ya ukutani, nikahisi baridi ikipuliza kana kwamba kuna mtu nyuma yake. Kwa kuwa hewa ya moto hupanda, mafundi walianzia darini, wakaziba matundu yanayopitisha mabomba na nyaya, kisha wakatandaza vihami joto, yaani tabaka la kuzuia joto lisitoke. Msing'ang'anie madirisha mapya, kwa maana ni ghali na mara nyingi akiba yake haifidii gharama. Hakikisheni badala yake kwamba hita zimepimwa monoksidi ya kaboni, kwani nyumba iliyozibwa vizuri hushikilia pia hewa yenye sumu.

Foleni ni ndefu, kwa hiyo anzeni kukusanya hati mapema, theluji inapoyeyuka.