Maswali na majibu: Mtoto anausikia ufunguo

Nina mimba ya miezi mitano. Bia moja tu Jumamosi ina ubaya? (Mama kijacho, Moshi)

Ina ubaya. Nimelijibu swali hili mara nyingi. Kinachobadilika ni chombo tu, leo bia, jana kata ya mbege. Pombe inapita kwenye kondo la nyuma inamfikia mtoto, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Ubongo wake bado unajengwa. Acha leo.

Mdogo wangu anatumia unga na ni mjamzito. Mama anataka tumfungie ndani mpaka aache. (Kaka mtu, Temeke)

Msimfungie, nakusihi. Arosto ya ghafla, yaani mateso ya mwili ukikosa unga, inaweza kumletea uchungu kabla ya siku, hata mimba ikatoka. Mpelekeni kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa hospitali badala ya unga; Muhimbili walianza mwaka 2011, na hapo Temeke hospitali ipo. Wakunga waambiwe mapema, kwa sababu kichanga anaweza kuzaliwa naye ana arosto: anatetemeka, analia kwa sauti kali, anashindwa kunyonya. Inatibika. Wanaoficha kwa aibu ndio wanaoniumiza roho.

Mume wangu analewa lakini hapigi mtu. Watoto wadogo, hawaelewi kitu. (Mama wawili, Dodoma)

Wanaelewa, mama. Binti wa darasa la tatu aliwahi kuniambia kwamba akisikia ufunguo unahangaika kutafuta tundu la kitasa, anazima taa na kumvuta mdogo wake chini ya shuka, wajifanye wamelala. Asubuhi anaambiwa baba alichoka tu. Hakuna aliyempiga, ila darasani alikuwa akisinzia na usiku akikojoa kitandani. Leo baba analeta chipsi, kesho hamtambui. Akili yote ya mtoto inaishia kupima hali ya baba. Msipomwambia ukweli, atajijibu mwenyewe kwamba yeye ndiye chanzo. Mwambie: "Baba anaumwa, pombe imemshika. Hukusababisha wewe, na kumponya si kazi yako." Na usimtume tena grosari kumwita baba yake.

Mtoto wa mlevi lazima awe mlevi?

Hapana. Hatari yake ni kubwa kuliko ya wenzake, lakini wengi hawawi. Acheni kumwambia "utakuwa kama baba yako".

Jirani anashinda kwenye gongo, mwanawe analala njaa. Naogopa kuingilia ya watu. (Mwanza)

Piga 116, simu ya mtoto, ni bure. Na jioni hii mwite mtoto ale kwako.