Watu hawajumlishwi, wanazaana

Juzi usiku mdogo wangu mmoja wa Lindi kanitumia meseji, "dada nimefeli tena zile hesabu za idadi ya watu, kwani zinasaidia nini maishani?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Mimi zile hesabu zilininyima kazi.

Ilikuwa intavyuu hapahapa Mtwara, ofisi siitaji. Nimevaa gauni la kuazima, najiamini balaa. Nikapewa karatasi: sensa ya 2012 mkoa wa Mtwara ulikuwa na watu 1,270,854, ya 2022 watu 1,634,947, je 2032 watakuwa wangapi? Mie huyo, nikatoa nikapata ongezeko 364,093, nikalibandika juu ya ile ya 2022, 1,999,040, kalamu chini! Mzee mmoja wa paneli akavua miwani, "Binti, hawa laki tatu na ushee walioongezeka, wao hawatazaa?" Wenzake wakaangua kicheko. Nikapanda boda mpaka Shangani nikakaa ufukweni na vyeti vyangu mapajani, na mpaka leo nikimwona yule mzee sokoni nabadili njia.

Lakini alisema kweli. Watu wanazidishwa. Gawanya 1,634,947 kwa 1,270,854 unapata kama 1.2865, hiyo ndo mara waliyoongezeka kwa miaka 10, sasa izidishe tena kwenye ile ya 2022, inakuja kama 2,103,000. Mimi nilikuwa nimefuta watu laki moja na ushee, hebu panga madarasa na visima kwa hesabu hiyo uone.

Na ile e ya 2.718, namba ya kwenye fomula za ukuaji, isikutishe. Logi asilia, yaani e ipandishwe kipeo gani ndo upate namba yako, ya 1.2865 ni 0.252, gawa kwa miaka 10, asilimia 2.5 kwa mwaka. Ukitaka kujua lini watakuwa mara mbili chukua 70, maana logi asilia ya 2 ni karibu 0.7, gawa kwa 2.5, miaka 28. Basi. Nyie mnakariri fomula kama wimbo halafu mnalaumu mwalimu, acheni hizo, zidisheni! Ila kumbuka inashika tu kama kasi ni ileile, vijana wakijaa kwenye mabasi ya Dar hesabu yako inayumba.

Nikamrudishia mdogo wangu ya kwao: Lindi 2012 watu 864,652, 2022 watu 1,194,028. Saa saba usiku kajibu, "dada, mbona 2032 tunawapita nyie wa 2022?" Kapata kama 1,649,000. Nimemwambia apige picha daftari.