Maji ya Nairobi: Uliza Yalikotoka Kabla ya Kuyachemsha

Mpangaji anayehamia nyumba mpya jijini Nairobi huuliza kodi, stima na usalama, na kuhusu maji huuliza tu kama yapo. Swali hilo halitoshi. Nimepanga Eastlands katika ploti za maji ya mfereji, za kisima na za mikokoteni, na ninachoweza kushauri ni kwamba namna ya kuyasafisha maji hutegemea yalikotoka, kwani sufuria haiondoi kila kitu.

Sehemu kubwa ya maji ya mfereji hutoka bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a, nayo husafishwa na kutiwa klorini kabla ya kuteremshwa jijini. Tatizo huanzia njiani, na mgao ndio huliongeza: bomba linapokaa bila maji shinikizo hushuka, na uchafu ulio nje hupenya kupitia nyufa na viungio vilivyolegea. Katika mtaa ninaokaa, mipira ya plastiki inayopeleka maji kwenye ploti imelala ndani ya mtaro wa majitaka, imefungwa kwa vipande vya mipira ya baiskeli pale ilipopasuka. Siku ya mgao, maji ya kwanza hutoka na rangi ya strungi. Hayo yakinge kando ya kupigia deki, kisha uteke ya kunywa yakishatakata, ingawa kutakata si ithibati kwamba ni salama.

Kwa maji hayo, kuchemsha kunafaa. Nairobi ina mwinuko wa karibu mita 1,700, hivyo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, lakini joto hilo, yakitokota kwa dakika moja, linatosha kuua viini vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Mtu anayebana gesi atumie dawa ya klorini ya kutibia maji, afuate kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na angoje nusu saa. Kisha ayahifadhi kwenye mtungi wenye mdomo mwembamba, maana kikombe kinachochovywa ndooni na kila mkono hurudisha uchafu uleule.

Maji ya kisima, ambayo wengi huyaita ya chumvi, yana shida nyingine. Visima vingi vya Nairobi vimechimbwa katika miamba ya volkeno, na baadhi vina floraidi, madini yanayoyeyuka majini kutoka miamba hiyo, zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi haichemki ikaisha. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe hubaki na kukolea. Klorini pia haiigusi. Wanaodhurika zaidi ni watoto ambao meno yao ya ukubwani bado yanajiunda ndani ya ufizi, kwa sababu madoa ya kahawia yanayoletwa na floraidi yakishaingia hayatoki kwa mswaki. Kwa kunywa na kupikia, afadhali mtoto apewe maji ya mfereji yaliyochemshwa, au yaliyopitishwa kwenye mtambo wa kuchuja chumvi, na yale ya kisima yabaki ya kufua na kuoga.

Kwa hiyo, mwombe mwenye nyumba majibu ya maabara ya kisima chake kabla ya kulipa amana. Akikosa, peleka sampuli mwenyewe na utaje floraidi waziwazi, kwa sababu kipimo cha bakteria hakionyeshi lolote kuihusu.